Vifaranga wa kuagiza kwa basi: kabla hujampigia muuzaji kumlaumu

Mimi ni seremala, Mafinga, wilaya ya Mufindi mkoani Iringa. Kwa miaka mingi wafugaji wa kuku walikuwa wanakuja karakanani kwangu kuchukua maranda kwa magunia, wananiachia hela ya soda, nami naona wamenisaidia kufagia. Siku niliyopigiwa hesabu ya trei za mayai zinazouzwa pale stendi ndipo nikajiuliza kwa nini maranda yangu yanafuga kuku wa wenzangu. Nikaagiza vifaranga 200 wa kroila, kuku chotara wa nyama na mayai, kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa Julai. Mwenyeji wa Mufindi akisoma neno Julai hapo ameshaguna, kwa baridi ya mwezi huo.

Walikuja 204, maana watotoleshaji wengi huongeza wawili katika kila mia. Kufikia siku ya tano nilikuwa nimezika 31. Nikampigia muuzaji kwa hasira, nikamwambia ameniuzia wagonjwa. Dada aliyepokea simu hakubishana, aliuliza tu: "Baba, wamekufa wangapi siku gani?" Nilikosa jibu. Nilikuwa na jumla tu.

Jioni ile nikakaa na mama watoto, tukawakumbuka mmoja mmoja, nikaandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya milango. Waliofika wamekufa, 3. Usiku wa kwanza, 14. Siku ya pili, 2. Ya tatu, 3. Ya nne, 5. Ya tano, 4. Itazame hesabu hiyo vizuri. Safari iliua watatu. Wale 28 walifia nyumbani kwangu, na nusu yao walikwenda kwa usiku mmoja. Nilimpigia tena yule dada kesho yake, safari hii kwa sauti ya chini.

Daftari lile ndilo nimelisoma kuandika haya.

Kabla ya kutuma hela

Kifaranga anaweza kusafiri bila kula kwa sababu amebeba akiba tumboni. Siku za mwisho kabla ya kutoka kwenye yai, kiini huingia ndani ya tumbo lake, na kiini hicho humsogeza siku mbili hadi tatu. Bila hiyo akiba, hakuna mtu wa Mafinga ambaye angefuga kuku wa Dar. Marekani posta imekuwa ikibeba vifaranga wa siku moja tangu 1918, na kanuni yao inataka wafike ndani ya saa 72 tangu watotolewe. Nao hupigwa hasara: mwaka 2020, posta ilipokuwa inachelewesha mizigo, wafugaji wa jimbo la Maine walipokea maelfu ya vifaranga wakiwa wamekufa ndani ya maboksi. Kwa hiyo sisi wa barabara ya TANZAM, hii ya Dar hadi Zambia, tusijione tumelogwa peke yetu.

Saa hizo lakini usianze kuzihesabu basi linapoondoka. Mayai ya mashine moja hayapasuki kwa pamoja. Wa kwanza na wa mwisho hupishana hata siku nzima na zaidi. Aliyetangulia amekaa humo mashineni akikauka na kuwasubiri wenzake, kisha wakachambuliwa, wakachanjwa, wakahesabiwa, wakapangwa kwenye boksi. Dereva anapowasha gari, huyo ameshakula sehemu kubwa ya akiba yake. Ndiyo maana sikuhizi simuulizi muuzaji kama vifaranga ni wa siku moja, kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Nauliza: mnawatoa mashineni siku gani, saa ngapi, na wangu wanapanda basi la saa ngapi? Wakitoka Jumanne asubuhi na kupanda Jumanne jioni, nachukua. Wakitoka Jumanne wakapanda Alhamisi kwa kuwa oda haikujaa, sitaki hata kwa nusu bei.

Uliza kama wamechanjwa Marek, ugonjwa unaopoozesha kuku. Chanjo hiyo hutolewa hukohuko kwenye kituo siku ya kutotolewa. Kwako ni kuchelewa, na ukifuga kuku wa mayai utakuja kuijutia baada ya miezi. Uliza pia, kabla ya kulipa na si baada: wakifa njiani hasara ya nani? Wengine hubeba hasara ya waliokufa ukitoa taarifa siku ileile kwa picha. Wengine husema mzigo ukishapanda basi ni wako. Vyote viwili ni halali, mradi umeambiwa mapema na imo kwenye ujumbe wa simu unaoweza kuuonyesha.

Hela usitume kwa namba binafsi ya mtu uliyemwona mtandaoni ameshika kifaranga kwenye kiganja. Jirani yangu alituma laki mbili na nusu kwa "wakala" wa namna hiyo. Basi lake halijafika mpaka leo.

Na idadi. Boksi la mia huwa na vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25, na si urembo: wanapashana joto. Ukitaka hamsini, waambie wajaze vyumba viwili kamili, wasiwatawanye kumi na wawili kila chumba. Ukitaka thelathini, tafuta mwenzio mchangie boksi, au ununue kwa mtu wa karibu aliyewalea wiki tatu. Na kama kuna kituo cha kutotolesha jirani, kwa mfano mtu wa Iringa mjini ambaye anaweza kuwafuata mwenyewe asubuhi na kuwarudisha nyumbani kabla ya saa tano, sioni kwa nini ahangaike na basi la Dar kwa tofauti ya shilingi mia mbili. Mimi niliendelea na Dar kwa sababu ya aina ya kuku niliyoitaka, tena nilishazoeana na yule dada.

Basi la mchana au la usiku

Hapa wengi hawafikirii kabisa. Kutoka Dar hadi Mafinga ni karibu kilomita 580, na njia yenyewe ina hali ya hewa mbili zisizopatana. Basi la saa 12 asubuhi hupita Morogoro jua likipanda, Mikumi linakwenda taratibu kwa ajili ya wanyama, na linafika Ruaha Mbuyuni saa saba, saa nane mchana, pale ambapo hata muuza vitunguu anajificha kivulini. Halafu linapanda mlima Kitonga, na ndani ya saa chache vifaranga wanatoka kwenye tanuri wanaingia kwenye upepo wa Mafinga jioni. Basi la usiku, ambalo tumelipata tena tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, hulivuka lile bonde la joto kukiwa kumepoa. Ubaya wake ni kwamba linakushushia mzigo saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwa Juni na Julai ndiyo saa mbaya kuliko zote hapa kwetu.

Mimi hupanga hivi: kuanzia Septemba hadi Desemba, bondeni kunapowaka, nachukua la usiku. Juni na Julai nachukua la mchana, nikijua nitakuwa stendi na blanketi. Miezi mingine naangalia tu lipi linaondoka mapema baada ya vifaranga kutoka mashineni. Mtu wa Mbeya ana saa nne au tano zaidi ya zangu, na wa Njombe anashushiwa Makambako kwenye upepo usio na adabu. Wapige hesabu yao wenyewe.

Joto la ndani ya boksi watu hulidharau kwa sababu tumezoea kuambiwa kifaranga anataka joto. Vifaranga mia ndani ya boksi wanajipasha wenyewe. Wanachohitaji njiani ni hewa. Oda yangu ya pili, Novemba, ilikuwa ya mia moja, na nilifungua boksi nikakuta 11 wamekufa, wote kutoka vyumba viwili vya upande mmoja. Vyumba vya upande wa pili hakufa hata mmoja. Nilisimama pale stendi nikiligeuza boksi kama mtu anayekagua kabati lililopinda, ndipo nikaona upande ule karatasi imebonyea na ina vumbi jekundu la gunia. Konda akakiri: Ruaha Mbuyuni alipanda abiria na magunia matatu ya vitunguu, yakasogezwa kwenye buti, moja likaegemea matundu. Vifaranga 11 waliuawa na kitunguu.

Toka hapo kuna mambo ninayoyasema kwa konda kwa simu, kwa heshima na kwa hela ya maji. Boksi lisikae nyuma karibu na injini. Likiweza kukaa ndani, mbele, karibu na mlango, nitalipia kama mtoto. Likibidi kukaa buti, lisiegemewe na kitu, na basi likisimama kula afungue buti hata dakika tano. Maboksi yakiwa mawili au matatu, muuzaji aweke kipande cha mbao cha inchi moja katikati, hewa ipite. Hilo nalisema kama fundi na sijawahi kukataliwa. Nachukua namba ya gari na namba ya konda. Nampigia akiwa Morogoro na tena akiwa Ilula. Simsumbui zaidi ya hapo, maana konda aliyekasirika ni hatari kuliko gunia la vitunguu.

Stendi

Fika kabla ya basi. Boksi lililoachwa nusu saa kwenye sakafu ya ofisi ya mizigo, mlango wazi, limeshakuharibia kazi.

Kabla ya kufungua, sikiliza. Mlio wa chini chini, kama watu wanaongea chumba cha pili, ni mlio mzuri. Mlio wa juu, mkali, usiokata, ni baridi au kiu. Kimya ndicho cha kuogopa. Kisha fungua mbele ya mtu wa ofisi, mahali pasipo na upepo, hesabu waliokufa, angalia wametoka chumba kipi, piga picha boksi zima na lebo yake, halafu picha ya waliokufa. Mtumie muuzaji hapohapo ukiwa bado umesimama, ili saa ya ujumbe ijieleze. Usiondoke na waliokufa mfukoni ukasema utatuma kesho. Kesho hakuna atakayejua walikufa Mikumi au sebuleni kwako.

Mchukue mmoja mmoja, vifaranga wanne watano, uguse miguu yao kwenye shavu lako. Shavu halidanganyi kama kiganja kilichozoea msumeno. Miguu ikiwa baridi, wote wamepoa na wanahitaji joto kabla ya kitu kingine chochote. Wakiwa wanahema mdomo wazi na mbawa zimelegea, wamezidiwa na joto: waache kivulini boksi likiwa wazi kwa dakika chache, usiwamwagie maji.

Kuhusu bodaboda, mimi sipandi tena na vifaranga. Upepo wa pikipiki ukiingia kwenye matundu ya mbele ya boksi ni sawa na kuwaweka dirishani. Bajaji, na blanketi limefunika upande wa mbele tu, matundu ya pembeni yakiwa wazi.

Chumba, na kona zangu

Sasa nirudi kwa wale 14 wa usiku wa kwanza, kwa kuwa hawa wananidai maelezo.

Nilikuwa nimewajengea bruda, yaani uzio wa kuwalelea penye joto, nzuri kuliko kabati nyingi nilizouza. Mraba, futi sita kwa sita, mbao za paini zilizopigwa randa, kona za digrii tisini ambazo ningeweza kumwonyesha mwalimu wangu wa ufundi. Saa tisa usiku jiko la mkaa likafifia. Vifaranga wakapata baridi, wakasogeleana, wakasogea wakarudi nyuma mpaka wakakuta kona, na kwenye kona hakuna pa kutokea. Wa nyuma wanapanda juu ya wa mbele wakitafuta joto. Asubuhi niliinua lundo: wa juu walikuwa wazima, wa chini walikuwa bapa. Kona yangu iliyonyooka ndiyo iliyowabana.

Bruda iwe mduara. Kata hadibodi iwe na kimo cha futi moja na nusu, uikunje, uishikanishe kwa vibanio ili uweze kuipanua kila baada ya siku chache. Kwa vifaranga mia, mduara wenye upana wa kama futi sita unatosha kuanzia. Kama chumba chenyewe ni kidogo na huna hadibodi, ziba kona kwa maboksi au magunia yaliyojazwa maranda. Hakuna gharama hapo, na ndiyo badiliko moja lililoniokolea vifaranga wengi kuliko dawa zote nilizowahi kuuziwa.

Ukiacha mduara, nitasema kuhusu maranda kwa sababu ni ugali wangu. Si kila kinachotoka karakanani ni maranda. Maranda ni yale ya randa, mepesi, yanayojikunja. Vumbi la msumeno ni kitu kingine: kifaranga hulidonoa akidhani ni chakula, linajaa tumboni, na likipeperuka linaingia kwenye pumzi. Mimi mwenyewe, siku zile za mwanzo, nilichanganya nikiona ni upotevu kulitupa. Pia kataa maranda ya mbao mbichi iliyotoka shambani Sao Hill juzi. Yana unyevu, yanavunda, yanaota ukungu, na ukungu huo hushambulia mapafu ya vifaranga. Hakuna dawa ya kuwarudisha. Kataa maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya nguzo au ya mchwa. Chukua makavu, yaanike tena juani, tandika unene wa kiganja kilichosimama upande. Wa Mbarali na Usangu wana pumba za mpunga, nazo ni nzuri zikiwa kavu.

Joto liwe ndani kabla ya vifaranga. Sakafu ya saruji ya Mafinga mwezi wa saba hunyonya joto kama sifongo, hivyo jiko nawasha tangu jana yake usiku, si saa moja kabla ya basi. Kipimajoto kinanunuliwa duka la dawa za mifugo. Kining'inize usawa wa mgongo wa kifaranga, si ukutani usawa wa macho yako. Kati ya nyuzi 32 na 34 kwa wiki ya kwanza, kisha ushushe nyuzi kama tatu kila wiki. Ukishazoea, vifaranga wenyewe ndio kipimajoto. Wakirundikana chini ya joto, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni wakihema, umezidisha. Wote wakisimama upande mmoja, kuna upepo unaingia mahali. Piga magoti uutafute kwa moshi wa kijiti. Wakitapakaa kila mahali, wengine wamelala wengine wanadonoa, nenda kalale nawe.

Mkaa. Natumia wa miwati kwa kuwa unakaa, majiko mawili na si moja, yamezungushiwa wavu wasijichome. Nawasha nje mpaka moshi uishe ndipo naingiza, na la pili naliingiza la kwanza likianza kufifia. Naweka saa ya simu ilie saa nane na nusu, kabla ya ile saa tisa iliyoniua. Na sehemu ya juu ya dirisha haizibwi kamwe, hata ukisikia baridi vipi: hewa ya mkaa haina harufu, inaua vifaranga, inaua na mtu. Mara moja nilikaa humo nikiwahesabu, nikatoka kichwa kinagonga. Usilale na vifaranga chumba kimoja chenye jiko.

Mwenye umeme na balbu ana raha zaidi, mradi ana jiko limekaa tayari kwa usiku wa kukatika.

Saa za mwanzo

Maji kwanza. Kifaranga aliyetoka safarini ana kiu kuliko njaa, na ukimpa unga mkavu kabla ya maji unamkaba. Maji ya tenki ya Mafinga asubuhi yanauma meno, kwa hiyo yapashe yawe vuguvugu tu. Kwa saa chache za mwanzo naweka glukosi, vijiko vinne vya chakula kwa lita, basi. Wanaoendelea nayo siku tatu ndio hao wanalalamika vifaranga wanaziba nyuma. Unapowatoa kwenye boksi, chovya ncha ya mdomo wa kila mmoja kwenye maji. Ndiyo, wote mia. Inachukua nusu saa na watoto wanapenda kazi hiyo. Ukiona mmoja amekunywa akainua kichwa, wenzake watamwiga. Kwenye chombo tia kokoto safi, maana kifaranga aliyechoka huingia mzima mzima na kuzama kwenye maji ya kina cha kidole.

Baada ya saa moja au mbili, chakula. Stata, chakula cha kuanzia, ya kuku husika, si pumba za nyumbani. Nakimwaga kwenye trei za mayai za karatasi badala ya gazeti: gazeti linateleza, na kifaranga anayeteleza siku ya kwanza miguu inapanuka pembeni hairudi. Usiku ule, kabla hujalala, pitisha kidole shingoni kwa vifaranga ishirini hivi. Gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, likiwa limejaa na laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula hajapata maji. Likiwa tupu, bado hajui. Kesho yake mchana, karibu wote wawe wamejaa. Ukikuta watatu katika ishirini ni watupu, ongeza vyombo na mwanga, walete karibu.

Siku ya pili na ya tatu, kagua nyuma. Kinyesi kikigandia kikauka, kifaranga hawezi kujisaidia tena na atakufa. Lowanisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kilainike kitoke, mkaushe, mrudishe. Lakini angalia unachokivuta! Kitovu kiko chini ya tumbo, mbele ya pale, na siku za mwanzo huwa kina kidude cheusi kikavu. Hicho kiache. Mama mmoja wa Makambako alinipigia akisema amewasafisha vifaranga wote na sasa wanatokwa damu.

Kusoma daftari

Kila asubuhi andika: tarehe, siku ya ngapi, wamekufa wangapi, wamekutwa wapi. Kisha mpasue mmoja au wawili. Wembe, mifuko ya nailoni mikononi, dakika mbili. Mimi si daktari, ila kuna vitu hata seremala anaviona.

Waliokufa ndani ya boksi, au saa chache baada ya kufika, ni wa safari: joto, kukosa hewa, kuchelewa. Hapo ongea na muuzaji na konda. Waliokufa usiku wa kwanza wakiwa lundo ni wako, kama walivyokuwa wangu. Wanaokufa mmoja mmoja siku ya tatu hadi ya tano, wepesi kama unyoya, gole tupu, kiini cha tumboni kimekwisha, ni wale ambao hawakujifunza kula. Waliishi kwa akiba mpaka ikaisha. Hao tisa wa siku ya nne na ya tano kwenye oda yangu ya Julai walikuwa hivyo. Nilikuwa nimeweka vyombo viwili tu kwa vifaranga mia mbili, na wanyonge hawakufika.

Halafu kuna aina nyingine. Oda moja ya Machi, vifaranga 102, hakufa hata mmoja njiani, bruda ilikuwa mduara, majiko yaliwaka. Siku ya pili wakaanza. Mpaka siku ya sita walikufa 17, matumbo yamevimba, vitovu vimelowa na vyekundu. Nilipompasua mmoja, kiini kilikuwa bado kikubwa, cha rangi ya tope, kinanuka. Hicho ni kitovu kilichoingiwa na vijidudu, na mara nyingi huanzia kwenye yai chafu au mashine chafu, kabla hawajaonja maji yangu. Safari hii nilipompigia yule dada nilikuwa na tarehe, idadi na picha za vitovu. Hakubisha. Akaniambia na mteja wa Morogoro amelalamika oda ileile.

Wakiharisha kweupe na kufa wengi kwa mkupuo, au ukiona punje nyeupe kwenye mapafu, au kinyesi chenye damu kuanzia wiki ya tatu, mwite afisa mifugo wa kata na umpe waliokufa wabichi, wa leo. Usianze kumwaga antibaiotiki kwenye maji kwa sababu jirani alimwaga. Dawa haimpi chakula kifaranga aliyekosa chombo, wala haimtoi kwenye kona. Chanjo nazo zina siku zake: kideri siku ya saba, gumboro ya 14 na kuendelea kwa ratiba utakayopewa unaponunua, na maji ya kuchanjia yasiwe ya bomba yenye klorini, yanaua chanjo. Siku ya kufika sichanji kitu.

Mashamba yaliyopangwa vizuri hulenga wasife zaidi ya mmoja katika mia kwa wiki ya kwanza. Mimi wa jiko la mkaa na Kitonga katikati, oda yangu ya mwisho nilipoteza wanne katika 204: wawili boksini, mmoja alizama, mmoja sijui.

Maboksi ya karatasi nayachoma siku ileile, hata watoto wakiyalilia kuyafanya magari, na waliokufa nawazika kwenye shimo refu mbali na banda. Siku ya saba jioni namtumia yule dada ujumbe wenye namba saba, moja kwa kila siku, wamekufa wasikufe. Baada ya ule wa Machi alinipakilia 17 juu ya oda iliyofuata bila mimi kuomba, wametengwa chumba chao kwenye boksi la pili, na kwenye lebo ameandika kwa kalamu: vya fundi.